Odesa kwa Macho ya Mtu wa Bandari: Daftari la Juni 2019

Safari hii niliifanya Juni 2019, nilipokwenda kwenye mahafali ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa anamaliza udaktari Odesa, kusini mwa Ukraine. Nimeikusanya upya kutoka kwenye daftari, risiti na picha za simu, maana kila Odesa inapotajwa kwenye habari za vita, ndugu huniuliza mji wenyewe ukoje. Bei zote ni za wakati ule: dola moja ilikuwa karibu hryvnia 26, na hryvnia moja ni kama shilingi 88 za Tanzania. Njia ya ndege niliyopita haipo tena kwa sasa. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria tangu tarehe 24 Februari 2022. Palipobadilika pengine nimetaja humo humo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na riziki yangu ni uwakala wa forodha bandarini Dar es Salaam. Nikifika mji wa bahari macho hukimbilia gatini kwanza, makanisa baadaye. Msomaji anivumilie.

Kabla ya kuondoka: Nairobi

Viza niliiombea Nairobi, kwenye ubalozi wa Ukraine. Nilipanda basi Tanga hadi Mombasa kupitia Horohoro, nikalala kwa shangazi, asubuhi nikachukua treni ya SGR kwa shilingi 1,000 za Kenya. Vilivyoangaliwa ni barua ya mwaliko kutoka chuoni, bima ya afya ya safari, tiketi ya kwenda na kurudi, na taarifa ya benki. Barua ya mwaliko iwe ya asili yenye muhuri. Mwenzangu mmoja kwenye foleni alileta picha ya barua kwenye simu, akarudishwa.

Jumapili, 23 Juni: Dar, Istanbul, Kyiv

Ndege ya alfajiri, Istanbul kabla ya adhuhuri, Kyiv alasiri. Saa ya mkononi sikuigusa, kwa kuwa majira ya kiangazi saa za Ukraine, Uturuki na Tanzania zinalingana. Kilichonichanganya ni jua. Saa mbili na nusu usiku bado lilikuwa linawaka kwenye vioo vya stesheni, na watu wanatembea na watoto kana kwamba ni saa kumi jioni.

Kutoka uwanja wa ndege wa Boryspil hadi stesheni kuu ya Kyiv kulikuwa na treni ya moja kwa moja, hryvnia 80, dakika kama 40. Madereva wa teksi pale nje walikuwa wakikuambia imeharibika. Unawapita, unafuata alama.

Tiketi ya treni ya usiku kwenda Odesa mdogo wangu alikuwa amenikatia mtandaoni: chumba cha vitanda vinne, hryvnia 370, kitanda cha juu. Mhudumu wa behewa alikuja na shuka zilizofungwa kwenye nailoni, kisha chai kwenye glasi iliyovishwa kishikio cha chuma chenye nakshi. Chumbani tulikuwa na kijana mwanajeshi aliyelala kabla treni haijaondoka, na bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa miaka kumi hivi, wamebeba ndoo ya matunda ya cheri.

Bibi alitandika gazeti juu ya kimeza: mkate mweusi, matango, mayai ya kuchemsha, na kipande cheupe cha salo, yaani mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, ambayo kwao ni chakula cha heshima. Akanikatia. Nikaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa. Mjukuu akatoa simu, akaandika, ikasoma kwa Kiingereza: wewe ni Mwislamu? Nikaitikia. Bibi akalifunga salo lake kwenye karatasi, akalirudisha mfukoni, akafuta kisu kwa kitambaa, akaenda kukiosha kabisa kwenye sinki la mwisho wa behewa, kisha ndipo akarudi kunikatia tango. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Cheri nilizokula usiku ule sikuzihesabu.

Jumatatu, 24 Juni: kuingia mjini

Tulifika asubuhi, saa moja na kitu. Mdogo wangu alikuwa kwenye sakafu ya stesheni na mtandio wa kijani, akapiga kelele "Kaka!" mpaka mwanajeshi wetu akageuka. Stesheni hii ni ya 1952, ya zamani iliharibiwa vitani mwaka 1944. Jirani yake kuna uwanja unaoitwa Kulykove Pole na jengo kubwa la Vyama vya Wafanyakazi. Tarehe 2 Mei 2014 mapambano ya mitaani kati ya waliotaka Ukraine moja na waliokuwa upande wa Urusi yaliishia hapo kwa moto. Siku hiyo walikufa watu 48, wengi wao ndani ya jengo hilo. Nilipopita lilikuwa limezungushiwa uzio, na kwenye uzio watu wamechomeka maua. Mdogo wangu aliharakisha mwendo. Alikuja Odesa mwaka ule ule.

Chumba tulipanga kwenye ua wa zamani, hryvnia 400 kwa usiku. Nyumba za katikati ya Odesa zinaelekea ndani: barabarani unaona sura ya kizungu yenye nguzo na malaika wa chokaa, ukipita kwenye lango unakuta ua, baraza za mbao zilizozunguka ghorofani, kamba za nguo, paka, mzabibu, na katikati mfuniko wa birika la maji ya mvua. Birika hilo lina sababu. Mji huu ulikuwa na shida kubwa ya maji ya kunywa mpaka bomba la kutoka mto Dniester lilipofika mwaka 1873. Kabla ya hapo kila ua ulikinga mvua.

Hapo uani ndipo nilipoliona jiwe. Chokaa ilikuwa imebanduka ukutani kwa ukubwa wa mlango, na chini yake tofali la rangi ya asali limejaa makombe. Makombe halisi, madogo, mengine yamekatika nusu, yameshikana. Ukilikwaruza kwa ukucha linatoka unga. Nimekulia kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe, na nilihisi nimemkuta ndugu wa baba ambaye sikuambiwa habari zake. Jiwe lililotokana na viumbe wa bahari, jepesi, rahisi kukata, linalopumua. Na ugonjwa wake ni ule ule unaoua nyumba za Pangani na Mji Mkongwe. Chokaa ikidondoka na mvua ikaingia, ukuta unakwisha polepole toka ndani. Bibi mwenye nyumba aliniona nimeupapasa ukuta akadhani nalalamika, akatuletea chetezo cha mbu na sahani ya matunda madogo ya njano, yale wanayoita aprikoti.

Kwa atakayekwenda: tembea katikati ya mji ukitazama chini ya chokaa. Odesa yote ile, jumba la opera, makasri, mabenki, imejengwa kwa jiwe hili lililochimbwa chini yake yenyewe. Mashimo yaliyobaki nitayaeleza Jumamosi.

Jumanne, 25 Juni: ngazi, gati, na bahari isiyopwa

Tramu hryvnia 5, unamlipa kondakta mama aliyekaa kwenye kiti chake kama mwenye nyumba. Tukashuka karibu na bahari, tukatembea kwenye bulivadi ya Prymorskyi chini ya miti.

Mji wenyewe ni kijana. Mahali hapa palikuwa na kijiji na ngome ya Waturuki, Khadjibey, iliyotekwa Septemba 1789 na kikosi cha José de Ribas, mzaliwa wa Napoli aliyetumikia jeshi la Urusi, akiwa pamoja na wapiganaji wa Makosaki wa Bahari Nyeusi. Mwaka 1794 Malkia Katarina wa Pili wa Urusi alitoa amri bandari ijengwe. Ramani ilichorwa na mhandisi Franz de Volan, naye mgeni. Kuanzia 1803 mpaka 1814 mji uliongozwa na Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, Duke wa Richelieu, ambaye aliporudi Ufaransa alikuja kuwa waziri mkuu. Majina ya barabara yanaonyesha wakazi walivyokuja: ya Wagiriki, ya Wayahudi, ya Wabulgaria, ya Wapoland, ya Waarnauti, yaani Waalbania.

Richelieu amesimama juu ya ngazi maarufu tangu 1828, kavaa shuka ya Kirumi, mkono kauelekeza baharini. Kwenye msingi wa sanamu kuna alama ya mzinga wa Aprili 1854, manowari za Uingereza na Ufaransa zilipoupiga mji wakati wa vita vya Krimea. Mwisho wa bulivadi, mbele ya halmashauri ya jiji, upo mzinga uliotolewa kwenye meli ya Waingereza, Tiger, iliyokwama mwezi uliofuata. Wenyeji watakushika mkono wakusimamishe juu ya mfuniko fulani wa mtaro ili umtazame Duke kwa ubavu. Unachokiona kutoka pale sitakiandika, wazazi wangu wanasoma. Mwezi Machi 2022 sanamu hii ilifunikwa kwa mifuko ya mchanga mpaka kichwani.

Ngazi zina vidato 192. Zilijengwa kati ya 1837 na 1841 kwa mchoro wa Francesco Boffo, na ni pana zaidi chini kuliko juu. Ukisimama juu unaona sakafu za kupumzikia tu, vidato vimepotea. Ukisimama chini unaona vidato tu. Jina la Potemkin zililipata kutokana na filamu ya 1925 kuhusu mabaharia wa meli ya kivita Potemkin walioasi Juni 1905. Ni ngazi nzuri. Lakini watalii wengi huzipanda, hupiga picha, huondoka, na kwa maoni yangu wanageukia upande usio wake, maana kitu cha kutazama kipo chini: bandari yenyewe.

Nilikaa kidato cha mwisho kwa muda ambao mdogo wangu aliuona mrefu. Kreni za makontena upande wa kulia, kwenye gati linaloitwa la Karantini, kwa kuwa ndipo meli zilipotengwa zamani za tauni. Mwaka 1812 tauni iliua maelfu ya watu hapa. Upande mwingine maghala marefu ya nafaka. Kwa karne mbili mji huu umekula kwa ngano: inashuka kutoka mashamba ya ndani, inapanda meli. Sehemu ya ngano inayosagwa Dar na Mombasa hutoka Bahari Nyeusi, na chapati nyingi tulizokula tukiwa wadogo zimepita kwenye maji yale. Vita vilipofunga bandari mwaka 2022 bei ya unga ilipanda mpaka kwetu. Makubaliano ya kuruhusu meli za nafaka zipite yalitiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022, na meli ya kwanza, Razoni, iliondoka Odesa tarehe 1 Agosti na tani zipatazo 26,000 za mahindi. Yakavunjika Julai 2023. Hoteli ndefu tupu iliyosimama kwenye kituo cha abiria, ambayo iko kwenye kila picha yangu, ilipigwa kwa kombora Septemba 2023.

Na kuna habari ya forodha ambayo mimi peke yangu niliifurahia. Kuanzia 1819 hadi 1859 Odesa ilikuwa bandari huru. Bidhaa zinaingia bila ushuru. Ukitaka kuzitoa nje ya mpaka wa mji kwenda bara, ndipo unalipa. Barabara ya Staroportofrankivska inafuata mstari wa mpaka ule. Unguja nayo ilitangazwa bandari huru mwaka 1892, na mtu yeyote wa forodha anajua kinachofuata: mji unatajirika, na njia za panya zinazaliwa usiku huo huo. Za Odesa zilipita chini ya ardhi, kwenye machimbo ya mawe.

Jioni tulikwenda ufukwe wa Lanzheron. Niliweka ndala zangu nchani mwa maji, kisha nikazisogeza juu kwa mazoea, nikingoja maji yajae. Hayakujaa. Baada ya saa mbili mstari ulikuwa pale pale. Bahari Nyeusi kupwa na kujaa kwake ni sentimeta chache. Ni upepo ndio unaosukuma maji. Tanga wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu, na ratiba ya mvuvi, ya mwanamke wa mwani na ya rubani wa meli inatoka humo. Nilimuuliza mzee aliyekuwa anavua kwenye mawe kama wana saa za kwenda na kurudi. Mdogo wangu akatafsiri. Mzee akasema saa yake ni mke wake akipiga simu. Niliyaonja maji: chumvi yake ni kama nusu ya yetu. Magharibi niliiswali karibu saa tatu usiku, mchangani, na familia iliyokuwa mbele yetu ikahamisha taulo zao kunipisha.

Jumatano, 26 Juni: masoko

Pryvoz, soko kuu la chakula, lipo tangu 1827, hatua chache kutoka stesheni. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Jengo la samaki ndilo la kuanzia: bychky wadogo wenye vichwa vikubwa wamefungwa kamba, dagaa wa chumvi, kamba wadogo wa kuchemsha wanaopimwa kwa kikombe. Upande wa maziwa akina mama wanakukatia brynza, jibini la chumvi, uonje kwenye ncha ya kisu, na ukionja tano bila kununua hawanuni, wanaanza kukuhoji umetoka wapi. Nilipotaja Tanzania, mmoja akaita wenzake. Nikanunua nusu kilo kwa hryvnia 70, akaongeza kipande, akanifundisha kuliloweka kwanza lipunguze chumvi.

Chakula cha mchana tulikula kwenye kantini ya kujipakulia: borshch, supu ya kwao, ya maharage, biringanya za kusaga kwa vitunguu, varenyky, yaani vifuko vya unga vya kuchemsha, za viazi, na kompoti, kinywaji cha matunda. Hryvnia 95 kwa mtu. Kwa Waislamu: uliza kuhusu borshch, mara nyingi mchuzi ni wa mifupa ya nguruwe.

Alasiri daladala ya hryvnia 10 ilitupeleka soko la Kilomita ya Saba, nje ya mji. Nimefanya kazi na makontena maisha yangu yote ya utu uzima, sikuwahi kuona yamepangwa kama mtaa. Chini duka, juu yake kontena jingine ni ghala, safu kwa safu, kila safu na rangi yake, na watu hujielekeza kwa rangi. Nilisoma namba za ubavuni kuona kama nitakutana na kampuni ninazozifahamu. Nilizikuta. Kuna wafanyabiashara wengi Waafrika pale, hasa wa Afrika Magharibi, wanauza viatu na jinzi kwa Kirusi cha haraka. Kaka mmoja wa Kinijeria alikataa kuniuzia begi. Alisema zipu yake ni mbovu, niende safu ya tatu kwa jirani yake Mvietnamu. Nilikwenda, zipu ikadumu.

Usiku, jumba la opera. La kwanza lilijengwa 1810, likaungua 1873. Hili la sasa ni la 1887, la wasanifu Fellner na Helmer wa Vienna. Liliwahi kutitia kwa sababu ya udongo wa chini, na ukarabati mkubwa wa mwisho ulikamilika 2007. Viti vya juu kabisa hryvnia 100. Muziki wa nusu ya pili niliusikia kwa macho yaliyofumba, nimechoka. Dari, hata hivyo, lina thamani ya hiyo hela peke yake.

Alhamisi, 27 Juni: mahafali

Hotuba ndefu, joto, mama mdogo akilia kwenye simu kutoka Tanga kwa saa nzima ya bando. Niandike tu kwamba alipoitwa jina walilivunja silabi zote na yeye akajibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baadaye alinitembeza kwenye Odesa yake ya udaktari, ambayo vitabu vya watalii huipita. Waldemar Haffkine, aliyetengeneza chanjo ya kipindupindu na kuipeleka India, na baadaye kutengeneza huko ya tauni, alizaliwa mji huu mwaka 1860. Mwanasayansi Mechnikov alianzisha hapa kituo cha utafiti wa bakteria mwaka 1886. Na Volodymyr Filatov, daktari wa macho, alifanikiwa miaka ya 1930 kupandikiza konea, utando wa mbele wa jicho, iliyotolewa kwa maiti; taasisi yenye jina lake ipo kwenye bulivadi ya Kifaransa, na wagonjwa wanatoka mbali, wengine wamekaa nje kwenye mabenchi na jicho moja limefungwa plasta. Mdogo wangu alisimama pale kimya, kisha akasema ndiyo kazi anayoitaka. Leo anafanya mafunzo ya macho Moshi.

Ijumaa, 28 Juni: Jumaa na Moldavanka

Sikukuu ya Katiba, ofisi zimefungwa. Swala ya Ijumaa tuliswali Kituo cha Utamaduni wa Kiarabu, barabara ya Rishelievska. Jengo jeupe, safi. Hotuba ilikuwa kwa Kiarabu na Kirusi, na ndani mlikuwa na Watatari, Waturuki, Wasyria, wanafunzi wa Kinaijeria na Kisomali. Msomali mmoja aliyekulia Mombasa alinisikia nikisema "samahani" akanishika bega. Tulikula wali kwake mpaka saa kumi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Dar kula kwa mkono.

Jioni Moldavanka, mtaa wa zamani wa watu wa kawaida, nyumba fupi, nyua zaidi. Hesabu ya watu ya 1897 ilikuta Wayahudi ni kama theluthi ya wakazi wa Odesa. Kuna uwanja mdogo, Prokhorovskyi, wenye kumbukumbu ya walikoenda. Majeshi ya Romania, washirika wa Hitler, yaliuingia mji tarehe 16 Oktoba 1941 baada ya siku 73 za kuuzingira. Tarehe 22 makao yao makuu yakalipuliwa. Kisasi kilikuwa juu ya raia, Wayahudi kwanza: maelfu walinyongwa na kupigwa risasi, na maelfu wengine wakajazwa kwenye maghala na kuchomwa moto. Waliobaki walipangwa hapa Prokhorovskyi na kuswagwa kwenda kambini. Mtu wa bandari anajua ghala lina mlango wa upana gani. Sikuandika kitu kingine siku hiyo.

Jumamosi, 29 Juni: chini ya mji

Machimbo ya mawe ya Odesa yanakadiriwa kufika kilomita 2,500 za njia za chini ya ardhi. Mji wote wa juu ulitokea humo. Usiingie peke yako wala na kijana anayejitolea mtaani, watu hupotea. Pa halali ni makumbusho ya kijiji cha Nerubaiske, kaskazini-magharibi mwa mji.

Daladala yetu ilichemka njiani, mvuke mtupu. Dereva akafungua boneti, akawasha sigara, abiria wakashuka wakagawana mbegu za alizeti. Hakuna aliyegomba, na hilo lilinishangaza kuliko mvuke. Baada ya kama dakika 50 mzee mwenye gari la zamani la Lada alisimama, akatazama mdogo wangu na gauni lake, akahamisha masanduku ya aprikoti kutoka kiti cha nyuma kwenda mapajani mwetu. Alitufikisha mpaka mlangoni. Hryvnia 50 alizikataa, nikamwachia shilingi 500 ya sarafu, yenye nyati, akaibandika kwenye dashibodi.

Ndani ni baridi, kama digrii 14 mwaka mzima, beba sweta. Wakati wa uvamizi ule wa 1941 wapiganaji wa msituni waliishi humu, na wamehifadhi vitanda vya mawe, jiko, na mahali pa kufua. Mwongozaji anazima taa kwa sekunde chache ili ujue giza ni nini. Mimi nilikuwa natazama kuta. Alama za misumeno ziko wazi, mistari sambamba ya mikono ya wachimbaji, na ukitaka kujua ukubwa wa tofali moja la jumba la opera, pima pengo. Makombe yale yale ya uani kwetu yamo kwenye dari, yamelala chali. Kwa kiingilio, maelezo na picha tulilipa hryvnia 120 kwa wawili.

Kurudi mjini tulipita kanisa kuu la Ubadilisho wa Sura, ambalo nilikuwa nimelipuuza wiki nzima. Liliasisiwa pamoja na mji, likabomolewa na serikali ya Kisovieti mwaka 1936, likajengwa upya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Picha yangu ina harusi mlangoni na njiwa. Usiku wa tarehe 23 Julai 2023 kombora la Urusi lililipiga, miezi sita baada ya UNESCO kuuweka mji huu wa katikati kwenye orodha ya Urithi wa Dunia na papo hapo kwenye orodha ya ulio hatarini. Sanamu ya Katarina niliyoipiga picha nayo haipo. Iliondolewa na jiji lenyewe Desemba 2022.

Jumapili, 30 Juni: kutoka

Mabegi mawili ya daktari mpya yalizidi kilo tisa, vitabu tu, tukalipa. Afisa wa forodha uwanjani alifungua langu, akatoa brynza, akainusa, akaniuliza kwa ishara kama ni ya Pryvoz. Nikasema ndiyo. Akasema bei niliyonunulia ni ya mgeni.

Hesabu kwa wanaopenda hesabu: ukiacha tiketi ya ndege na viza, nilitumia chini ya dola 300, mahafali na zawadi zikiwemo. Kwa sasa wanaolazimika kwenda Odesa huingia kwa basi kutoka Chișinău, Moldova, kupitia mpaka wa Palanca, au kwa treni kutoka Poland. Kuna amri ya kutotembea usiku, na bima nyingi za kawaida za safari hazilipi eneo la vita. Isome yako kabla hujalipa nauli.